Usukani Kukaa Upande Baada ya Safari ya Njia Mbovu

Kila karafuu zikisha kuchumwa, kuanikwa na kuuzwa, wanachama wetu wenye magari huyavusha kwenda bara kutafuta riziki nyingine. Wako wanaopakia mananasi Kiwangwa, wako wanaofuata nazi na ukindu katika vijiji vya pwani ya Bagamoyo, na wako waliokwisha nunua mashamba upande wa Fukayosi na Makurunge. Magari hayo hurudi kisiwani na mali, alhamdulillahi, lakini mengi hurudi na ila moja ambayo tumeulizwa habari zake mara nyingi hapa ofisini: gari laenda sawa barabarani, ila usukani umekaa upande. Dereva anaposhika njia iliyonyooka, alama ya katikati ya usukani, badala ya kumtazama kifuani, yatazama mlango.

Wako wanaolichukulia jambo hili kama kofia iliyovaliwa upande: haipendezi, lakini haimuumizi mvaaji. Sisi hatukubaliani na maoni hayo, na tumeonelea tueleze sababu zetu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa fedha za wanachama zinapotea na maisha yao yamo ndani yake.

Neno lenyewe usukani tumelitoa chomboni. Kabla ya kuja motokaa, usukani ulikuwa ni ule ubao wa nyuma ya jahazi, na kana ndiyo mti aushikao mwenye zamu. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka kwa jahazi kwenda Bagamoyo ajua kwamba ikiwa bahari shwari, chombo chaenda sawa, na huku kana imelala upande, nahodha hastarehe. Hasemi, "Nitaing'oa kana niipachike upya ikae katikati." Huuliza kuna nini chini ya maji: je, tumegusa mwamba, au vyuma vya usukani vimepinda? Gari ni vivyo hivyo. Ule mduara aushikao dereva haukupinda. Kilichopinda au kuhama kipo chini, mahali asipopaona, na mduara unampa habari tu.

Tuanze na njia zenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kupita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, ni kiasi cha kilometa 70 za lami, na kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilometa 64 nyingine, lami vilevile. Huko mara nyingi gari likiharibika ni kwa mwendo wa dereva, si kwa njia. Taabu huanza mtu anapoiacha lami, kama vile pale Makurunge anapokata kwenda Saadani, au anapoingia vijia vya mashambani. Kuna mchanga wa pwani, ambao juu ni laini na chini umeficha mizizi ya minazi na visiki vya mikorosho. Kuna udongo mweusi wa mabonde ya Ruvu na Wami. Udongo huo wakati wa masika, Machi hadi Mei, huwa tope la kumeza gurudumu, na kiangazi hukauka ukabaki na mifereji migumu kama saruji iliyochimbwa na matairi ya malori. Gurudumu la mbele likiwa ndani ya mfereji huo na dereva akalazimisha kutoka, ukingo husukuma tairi kwa ubavu kwa nguvu za gari zima na mzigo wake. Nguvu hizo hazipotei hewani. Hupokewa na vyuma vyembamba ambavyo sasa tutavieleza.

Magurudumu mawili ya mbele yameungana kwa fimbo za chuma ambazo mafundi wetu huziita tairodi. Kwenye ncha za fimbo hizo kuna viungo vya mviringo, tairodi endi, vinavyoiruhusu fimbo kugeuka huku gurudumu likipanda na kushuka. Magari yetu mengi yamegawanyika namna mbili. Ya kwanza ni yale yenye ekseli nzima mbele, kama Land Rover za zamani na Defender, Land Cruiser za kazi, Suzuki Jimny na malori kama Canter. Hayo yana boksi la usukani, na kutoka kwenye boksi hutoka fimbo moja, ambayo sisi hapa tutaiita fimbo ya kuvuta, iendayo kulishika gurudumu moja. Kisha tairodi ndefu huunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Namna ya pili ni magari madogo na pikapu nyingi za siku hizi. Hayo yana reki inayokwenda kushoto na kulia, na tairodi mbili fupi, kila gurudumu na yake.

Mwanachama na ajue gari lake ni la namna gani kabla ya kusoma zaidi, maana dawa ya namna moja si dawa ya nyingine.

Sasa, kwa nini usukani huhama? Tuseme gari la reki limegonga kisiki na tairodi ya kushoto imepinda. Fimbo iliyopinda ni fupi kuliko iliyonyooka. Gurudumu la kushoto sasa latazama pembeni kidogo, la kulia latazama mbele. Gari likianza kwenda, matairi mawili hushindana, na kwa kuwa yote mawili yamebeba uzito sawa, hupatana nusu kwa nusu: la kushoto lirudi kidogo, la kulia litoke kidogo, mpaka yote mawili yawe yamekosea kwa kiasi kimoja, kila moja upande wake. Kwa mapatano hayo gari huenda sawa, na dereva hudanganyika. Lakini ili magurudumu yapatane hivyo imebidi reki isogee, na reki ikisogea usukani huzunguka. Katika magari mengi usukani hugeuka digrii 15 hadi 20 ili gurudumu lipate kugeuka digrii moja tu, kwa hiyo kosa dogo sana la chini huonekana kubwa juu. Hii ni neema. Usukani umekuza kosa ambalo jicho lisingeliona.

Na gharama yake? Chukua tairi lenye kimo cha sentimeta 70. Ikiwa nafasi baina ya matairi mawili kwa mbele imezidi au kupungua nafasi ya nyuma kwa milimeta 6, unene wa penseli tu, basi kila tairi laburutwa ubavuni kiasi cha mita 4 kwa kila kilometa moja. Kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam ni karibu mita 300 za kuburuta tairi juu ya lami kwa ubavu. Aliyenunua matairi mawili mapya karibuni hahitaji tumwambie zaidi.

Hata hivyo si kila ubaya wa usukani ni huu tunaousema, na wanachama wengi huchanganya mambo matatu. La kwanza ni gari kuvuta: ukiuachia usukani kidogo, gari lakimbilia upande mmoja. Hapo tazama kwanza upepo wa matairi. Wengi hupunguza upepo ili wapite mchanga, jambo lililo jema, kisha wakifika lami hujaza matairi matatu na kusahau la nne. Tazama pia breki iliyonata. Shika rimu zote mbili baada ya mwendo, na iliyo moto zaidi ndiyo yenye shauri. La pili ni usukani kutetemeka kwa mwendo fulani. Huko mara nyingi ni tope lililokauka ndani ya rimu, au rimu iliyobonyea; oshea ndani kwa maji mengi kabla ya kumpa fundi hata senti. La tatu ndilo letu: gari halivuti, halitetemeki, lakini usukani umekaa upande, na huanza ghafula baada ya safari moja.

Tena, barabara zetu zimeinama kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yashuke. Sisi twaendesha kushoto, kwa hiyo gari huteremkia kushoto na dereva hulizuia kwa kuugeuza usukani kulia kidogo bila ya kujua. Basi usihukumu gari kwa njia kama hiyo. Tafuta mahali palipo sawasawa kabisa, enda na kurudi. Usukani ukikaa upande ule ule kwenda na kurudi, kosa ni la gari.

Baada ya hapo ni kuingia chini na kutazama. Zima gari, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, na asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Futa tope kwenye fimbo zote kwa kitambaa. Tairodi iliyopinda huonekana ukiitazama kwa urefu wake kama seremala atazamavyo ubao, jicho moja limefumbwa. Tazama alama mpya za kugongwa, mahali kutu ilipokwanguka chuma kikang'aa. Tazama mipira inayofunika tairodi endi: ikiwa imepasuka, mchanga umekwisha ingia, na kama gari lilipita ufukweni, chumvi nayo imo ndani. Mwambie mtu atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, nawe ushike kila kiungo kwa mkono. Kiungo kinachocheza mkononi kimekwisha, wala hakirekebishwi, kinabadilishwa.

Kwa wenye ekseli nzima kuna dalili nyepesi. Usukani ukikaa upande na matairi hayaliki, shuku fimbo ya kuvuta, kwani hiyo huhamisha usukani bila ya kugusa mpangilio wa magurudumu. Usukani ukikaa upande na matairi yaliwa ukingoni, shuku tairodi ndefu. Land Cruiser zenye springi za mzunguko mbele zina tena fimbo nyingine iliyolala kwa upana, inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Bushi zake zikifa, ekseli yote huhama na usukani hufuata. Na mwanachama aliyeinua gari lake kwa springi ndefu ili lipite matopeni asishangae: gari likipanda, ile fimbo ya kuvuta hubadili mlalo wake, na usukani lazima upangwe upya hata kama hakuna kilichogongwa.

Wenye pikapu na malori wasisahau nyuma. Springi za nyuma zilizopangwa kwa vyuma bapa hushikwa pamoja na senta bolti, na ndiyo hiyo bolti inayoiweka ekseli mahali pake. Gari lililojaa likianguka shimoni bolti hiyo huweza kukatika, na ekseli ya nyuma ikarudi upande mmoja. Gari kama hilo huenda mshazari kama mbwa akimbiavyo, na dereva hulinyoosha kwa usukani bila ya kujua. Kupima ni rahisi: magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo viwili visipolingana, na tofauti ni sentimeta nzima au zaidi, kosa lako huenda halipo mbele, na fundi atakayeshughulika na tairodi atakuharibia hata kilichokuwa kizima.

Hapa hatuna budi kueleza jambo lililomfika mwanachama wetu mmoja, kwani limekwisha kuwa desturi mbaya. Alitoka njia ya Saadani na pikapu yake, usukani umelala kushoto kama mshale wa saa uliotoka alama ya 12 ukaelekea 11. Akaingia gereji moja, ambayo hatuitaji. Fundi alifungua nati ya katikati ya usukani, akauchomoa, akausogeza meno mawili matatu, akaurudisha, akafunga. Kazi ya nusu saa. Usukani ukakaa sawa, mwenye gari akafurahi na akalipa. Wiki mbili baadaye tairi la mbele la kushoto lilionyesha nyuzi zake. Alipolivua ndipo ilipoonekana kwamba tairodi ilikuwa imepinda kama upinde, na tairodi endi yake inacheza, karibu kuchomoka. Ingalichomoka mwendoni, gurudumu moja lingalikwenda lilikotaka. Bahati yake ni kwamba aliyaona hayo gari likiwa juu ya jeki.

Fundi yule hakutengeneza gari, alimnyamazisha mjumbe. Na tunaomba wanachama waelewe kwamba hata pasipo chuma kilichopinda, kuusogeza usukani juu ya meno yake kunaleta madhara mengine. Boksi la usukani limetengenezwa ili katikati yake pawe pamebana kuliko pengine, ili gari litulie likienda sawa. Ukiusogeza usukani juu na kuacha fimbo zilivyo, gari litakwenda sawa huku boksi limo nje ya katikati yake, mahali palipolegea, na litayumba kwenye lami kwa mwendo wa kasi. Taa za kukatia kona nazo hazitazimika zenyewe inavyopasa. Katika magari ya siku hizi kuna zaidi. Mengi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, na waya wake umezungushwa kama utepe wa saa. Usukani ukirudishwa vibaya utepe hukatika siku ya kukata kona kali, na mfuko hautafanya kazi siku ya ajali. Mengine yana kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari usukani umegeuka kiasi gani. Kifaa hicho kikidanganywa, kompyuta hudhani gari linakata kona ilhali linakwenda sawa, na huweza kuingilia breki bila ya sababu. Usukani wenye mfuko wa hewa asiufungue mtu asiyefundishwa kazi hiyo.

Ukitaka kujua kama gari ulilonunua limekwisha fanyiwa hila hii, zungusha usukani toka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko, bila ya kulazimisha miisho. Gawa kwa mbili. Pale katikati ndipo usukani upaswapo kuwa umenyooka. Kwa magari ya ekseli nzima hesabu hii ni ya kweli zaidi fimbo ya kuvuta ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa vizuizi vya kwenye ekseli huweza kukomesha magurudumu kabla boksi halijafika mwisho wake.

Sasa tuje kwenye kupima na kurekebisha, baada ya kilichopinda kubadilishwa. Tunasema kubadilishwa, si kuchomwa kwa gesi na kunyooshwa kwa nyundo. Chuma cha tairodi kikipata moto hulegea tabia yake, na kitapinda tena kwa pigo dogo au kukatika. Aliyekwama porini na hana kingine anaweza kuinyoosha baridi ili afike kijijini polepole, basi, na huko ainunue nyingine.

Mahali pa kupimia wanachama wetu wanapo kuliko gereji nyingi: sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu, ikiwa tupu. Ila tandika gunia chini, kwa kuwa karafuu zilizoonja oili hazina mnunuzi. Weka upepo sawa katika matairi yote, na mzigo uwe ule wa kawaida. Inua gurudumu la mbele kwa jeki na kuliegemeza, lizungushe, na huku ukishika chaki imara katikati ya tairi ili ichore mstari mzunguko mzima; juu ya chaki pitisha ncha ya msumari upate mstari mwembamba. Fanya vivyo hivyo gurudumu la pili. Shusha gari, lisukume mbele mita chache lijitulize, wala usilirudishe nyuma. Nyoosha magurudumu. Weka alama mbele ya kila tairi, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, na upime kutoka mstari hadi mstari. Kisha sukuma gari mbele mpaka alama zile zile zifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Ikiwa chini ya gari kuna kitu kinachozuia tepu, teremsha timazi kutoka kila alama, utie nukta sakafuni, upime baina ya nukta.

Ni lazima magurudumu yawe yamenyooka wakati wa kupima, na sababu yake ina historia. Kwenye kona gurudumu la ndani hupita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo hupaswa kugeuka zaidi. Mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alilitafutia jambo hili ufumbuzi, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaliandikisha London. Mpaka leo mpango huo huitwa kwa jina la Ackermann, si la aliyeubuni. Gari lako linafuata mpango huo, na kwa hiyo ukipima magurudumu yakiwa yamegeuka utapata tofauti ambayo si kosa.

Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari lenyewe. Mtu asichukue cha jirani. Land Rover za zamani, zile za Series, zataka nafasi ya mbele iwe ndogo kuliko ya nyuma kwa milimeta 1.2 hadi 2.4. Defender, ambayo watu huiona ni ile ile kwa sura, yataka kinyume: sawa sawa, au mbele pawe papana kwa milimeta zisizozidi 2. Fundi anayepanga Land Rover zote kwa kipimo kimoja atakuwa amekosea mojawapo.

Kwa gari la ekseli nzima, rekebisha tairodi ndefu kwanza mpaka kipimo kiwe sahihi, kisha uiache. Ndipo uende kwenye fimbo ya kuvuta. Magurudumu yakiwa yamenyooka, legeza vibanio vyake na uizungushe. Utaona usukani juu unajigeuza wenyewe. Ukifika katikati, kaza. Hapo magurudumu hayakuguswa, na usukani na boksi vimerudi katikati kwa pamoja.

Kwa gari la reki kazi ni ya pande mbili. Nyoosha usukani uufunge usitembee, kwa kamba kwenye kiti. Legeza loknati zote mbili. Kipimo kikiwa sahihi na kosa ni usukani peke yake, basi kiasi utakachorefusha tairodi moja ndicho utakachofupisha nyingine, la sivyo utaharibu kipimo. Ikiwa tairodi zipo nyuma ya ekseli na usukani umelalia kushoto gari likienda sawa, fupisha ya kushoto na urefushe ya kulia. Umelalia kulia, kinyume chake. Zikiwa mbele ya ekseli, geuza maneno haya yote. Anza na robo ya mzunguko kila upande, funga, enda ujaribu mahali palipo sawasawa, urudi. Haraka haina faida hapa. Safari tatu za kujaribu ni kawaida.

Ukimaliza, hakikisha loknati zimekazwa, vibanio havigusi kitu usukani unapogeuka hadi mwisho, tairodi endi haikukaa mshazari, na kila nati yenye pini imetiwa pini mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa isirudishwe. Hakikisha pia meno ya kutosha yamebaki ndani, kwani tairodi iliyorefushwa kupita kiasi hushikwa na meno machache. Halafu, gari likifika mjini, lipeleke kwenye mashine ya alaimenti likapimwe, na uombe karatasi ya vipimo. Magari yenye kile kifaa cha kuiarifu kompyuta hayana budi kupelekwa, kwa kuwa kifaa hicho huhitaji kufundishwa upya katikati ni wapi. Ukiingia gereji, mwambie fundi mbele ya shahidi kwamba hutaki usukani ufunguliwe, na usimame hapo hapo atazamapo chini.

Chama kimenunua timazi mbili, tepu ya chuma ya mita 5 na stendi nne za kuegemeza gari, na zipo ghalani. Mwanachama azihitajiye aandikishe jina lake kwa karani asubuhi na azirudishe kabla ya magharibi. Aliyechukua tepu kabla ya Idi anaombwa airudishe.